Ukoka Uliovuka Seng'enge

Mpwa wangu mtaani wanamwita Reki, na yeye haoni ubaya. Ni msichana mrefu, mwembamba, vidole vimekunjika kidogo kama meno ya chombo chenyewe, na akipita mahali hasazi takataka. Kazi yake ni kutunza majani ya nyumba za watu. Najua unacheka. Hata mimi nilicheka, nikamuuliza majani yanatunzwa vipi wakati yanaota yenyewe hata pale usipoyataka. Na ukitaka kujua akili zake kazitoa wapi, usihangaike na upande wa baba yake. Mimi ndiye mjomba. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, na walimu wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia, lakini baiskeli nimetengeneza miaka thelathini na moja na hakuna iliyorudi kunilalamikia.

Jirani yangu wa juu ni Mpima. Alipima ardhi za watu mpaka alipostaafu, na hakuacha. Alihamia kupima majirani. Namwita wa juu kwa sababu mtaa wetu umelala kwa mteremko, nyumba yake ikiangalia paa langu. Mwaka aliohamia alikuja na utepe na vigingi, akanionyesha kwamba ua wangu umeingia kwake hatua mbili. Nikavuta seng'enge nyuma. Katika hizo hatua mbili palikuwa na mpapai wangu. Miaka saba nimemwona akila mapapai yake mbele ya macho yangu, kwa kijiko, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Jambo hilo nimelimeza lakini halijashuka.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi mmoja, Mpima alimwita Reki. Ukoka wake wa mbele ulikuwa umechoka, umebaki vipara na madoa, na mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja wastaafu wenzake, wote wapimaji, kunywa soda na kujisifu. Reki alifanya kazi siku mbili. Aliukata ukoka uliobaki mfupi kabisa, akakwangua majani makavu yaliyoganda chini, akatoboa ardhi kwa uma wa bustani ili ipumue. Mbegu aligawa mafungu mawili. Fungu la kwanza alilimwaga akitembea kwa urefu, la pili kwa upana, ili pasibaki upenyo. Juu yake akachekecha udongo na samadi, kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi akiogopa kukosea. Mwisho akamwambia Mpima amwagilie asubuhi na jioni kwa keni, ile ndoo ya kumwagilia yenye matundu madogo, na mpira wa maji asiuguse mpaka majani yafikie urefu wa kidole.

Mpima akamjibu kwamba maji ni maji.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dirishani jikoni na kikombe changu. Mpima alitoka na mpira, akafungua bomba mpaka mwisho, akaulekezea uwanja kama anayezima moto. Maji yakajaa, yakatafuta njia, yakashuka na udongo na samadi na mbegu zote. Yakapita chini ya seng'enge, chini ya mabati yangu chakavu niliyoyaegemeza pale, yakaingia kwangu. Akarudia jioni, na siku ya pili, na ya tatu.

Ungekuwa wewe ungepiga kelele. Mimi nilikunywa chai yangu. Niliutazama ule mpapai, nikasema moyoni, endelea, mzee, ongeza na bomba la jirani mwingine.

Sikumfikiria mpwa wangu. Hapo ndipo nilipokosea.

Siku ya kumi na mbili uwanja wa Mpima ulikuwa mweupe kuliko kabla hajaitwa mtu. Alikwenda dukani kwenye kona, akasimama katikati ya wateja, akasema Reki amemwagia mbegu zilizokufa, tena akijua kuwa zimekufa. Duka lile ndilo gazeti letu. Reki alikuwa na nyumba nne za kudumu. Wiki haikuisha, tatu zikamwambia apumzike kwanza. Watu hawakumfukuza. Walimwambia apumzike, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu mtu akikufukuza unaweza kumjibu.

Akaja kwangu kunieleza. Hakufika mlangoni. Alisimama uani, akatazama chini. Pale ambapo siku zote palikuwa udongo mtupu na minyororo ya baiskeli palikuwa pameota nywele za kijani, zimejipanga kwa michirizi, mipana huku, myembamba kule. Akachuchumaa, akang'oa jani moja, akalitazama mzizi. Ganda la mbegu lilikuwa bado limening'inia. Akafuata mchirizi kwa macho mpaka kwenye mabati.

"Mjomba, haya umepanda lini?"

Nikamwambia ardhi yangu ina rutuba, haihitaji kubembelezwa.

Akainuka. Kisha akatazama dirisha la jikoni, akatazama uwanja wa Mpima ulivyoonekana juu ya mabati, akanigeukia.

"Ulikuwa hapo dirishani," akasema. "Ulimwona."

Nina maneno mengi, nyumbani wanajua. Siku hiyo nilitumia machache. Nikamweleza yote: mpira, siku tatu, mpapai. Alisikiliza akisokota lile jani mpaka likakatika.

Nikataka kufidia. Nikamshauri apitie kwa Mpima atupe mbegu za ndago, lile gugu lisilong'oka hata ukiliapia. Akasema ndago haijui mpaka, mwezi ujao ingekuwa kwangu, na mwaka ujao mtaa mzima ungesema ameipanda Reki. Alitaka kitu kingine. Alitaka Mpima aonekane na watu anaowaheshimu, kwenye kiwanja chake mwenyewe, mchana. Akaniachia keni, akaniamuru nimwagilie ile michirizi asubuhi na jioni, mabati yasiguswe mpaka atakaposema, na kwenye majani nisikanyage.

"Na dukani usiende kusema kitu, Mjomba. Nakujua."

Siku kumi niliingia nyumbani kwangu kwa kuzunguka nyuma kama mwizi. Ukoka ukaja. Ulikuja mnene, laini, wa kijani kile kinachokufanya utake kuvua viatu.

Siku ya wageni tukayaondoa mabati asubuhi. Reki akakaa kwenye kibao changu uani, mikono magotini. Wapimaji walifika saba, na mwenye duka akaja nyuma yao akisukuma mkokoteni wenye kreti za soda. Walisimama kwenye vumbi la Mpima wakatazama chini kwa adabu. Mpima akaanza hadithi ya mbegu zilizokufa. Mmoja wao, mzee mwenye miwani minene, alikuwa ameshafika kwenye seng'enge.

Unajua wapimaji. Sisi tunaona majani, wao wanaona mteremko. Aliitazama michirizi ya kijani ikianzia chini ya seng'enge na kutawanyika uani kwangu kama mto unaofika bondeni, akageuka akatazama bomba la Mpima.

"Mwenzetu," akasema, "kiwanja chako kinashuka huku. Ulifungulia maji kiasi gani?"

Mpima akasema kidogo. Hapo nikasogea mimi. Nikasema mpira, bomba wazi mpaka mwisho, siku tatu, asubuhi na jioni, na mimi niliona kwa macho yangu nikakaa kimya, na kosa hilo ni langu. Mwenye duka akasimama na kreti mkononi muda wote huo. Mwenye miwani akacheka taratibu, wenzake wakafuata, na nakuambia, kicheko cha watu saba wanaoijua kazi yako ni kibaya kuliko matusi. Mpima alikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Hakufungua soda.

Jioni habari zilikuwa dukani. Zile nyumba tatu zikamwita Reki kabla ya Jumatatu, na mbili mpya juu yake.

Wewe ungeishia hapo. Mpwa wangu hakuishia.

Jumanne Mpima akashuka mwenyewe, kofia mkononi, akamwomba Reki arudie uwanja. Safari hii alimwita "binti yangu". Reki akakubali kwa masharti. Mbegu atamwaga yeye. Maji atamwaga Mzee mwenyewe, kwa keni, akirudi kinyumenyume asikanyage, kuanzia saa moja asubuhi watu wanapokwenda kazini, na tena jioni wanaporudi. Mlango wa mbele ufungwe, apitie wa jikoni. Siku arobaini.

Basi mtaa mzima ukawa unampita Mpima akirudi nyuma kidogo kidogo na keni yake, mgongo umepinda, na kila anayepita anamsalimu kwa heshima na kumuuliza majani yanaendeleaje. Reki akipita anasimama. "Taratibu, Mzee. Kama unamnawisha mtoto uso."

Siku ya ishirini ukoka wake ulikuwa umeshafunika uwanja wote. Nikamuuliza Reki, hizi mbegu hasa zinahitaji keni siku ngapi?

"Mbegu? Kumi na nne, kumi na tano."

Nilicheka mpaka nikashika seng'enge. Yeye hakucheka. Alinisogezea keni nyingine tupu. Kwa sababu sikukuambia sharti la mwisho: alidai maji ya bomba la Mpima yana chumvi, hayafai, yachotwe kwenye pipa langu. Na wa kuchota, kujaza, na kumpitishia Mpima juu ya seng'enge, keni kumi asubuhi na kumi jioni, ni mimi. Tangu siku ya kwanza nilidhani nimewekwa pale nifaidi tamasha.

"Bado ishirini, Mjomba," akasema, akaenda zake kazini.

Nikaijaza. Mpima aliipokea bila kunitazama. Juu yake mpapai ulikuwa na matunda mawili yaliyoiva, na sote wawili hatukuwa na mkono wa kuyachuma.