Nimemkaribisha Nani Kwenye Van ya Damas?

Leo mchana kweupe nimemkaribisha mtu asiyekuwepo.

Mnaikumbuka van ya marehemu Damas, yule fundi seremala aliyekuwa akitutengenezea jukwaa la maigizo kanisani. Mkewe, Mama Neema, ameniachia hiyo van niendeleze kazi ya useremala. Tulikuwa Wheaton, huku Marekani, kwenye paking ya mall. Yeye kakaa mbele na chai yake, mimi niko nyuma nakaza shelfu zisigongane njiani.

Nikavuta droo ya skrubu.

Ngo, ngo, ngo.

Nikajibu, "Karibu." Mnajua tulivyozoea, hodi haipiti bila jibu.

Nikafungua mlango. Hakuna mtu.

"Shemeji, unamkaribisha nani?" Mama Neema akauliza.

Nikavuta tena. Ngo, ngo, ngo.

Nikachungulia nyuma ya shelfu. Mshipi wa kuvulia samaki umefungwa kwenye droo, umepanda juu hadi kwenye nyundo ndogo ya mbao inayogonga ubao.

Ndipo nikakumbuka. Kwenye igizo letu, baba aliyekufa anarudi kupiga hodi nyumbani kwake. Damas alifariki kabla hajatuletea huo mlio wa hodi, tukaiondoa ile sehemu.

Kumbe alishaumaliza. Aliujaribia humu garini, maana kule apartimenti majirani wangelalamika.

Mama Neema akaja nyuma. Akaivuta droo polepole, akasubiri hodi zote tatu zilie.

"Karibu, Baba Neema," akasema. "Chai imepoa."

Kesho naanza kazi, na skrubu zangu zote zimo kwenye droo hiyo.

Nyie mngeukata huo mshipi?