Mkono Aliouchagua Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akifunga chumvi yake kwa fundo ambalo hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyeweza kulifunga. Chumvi ilitoka Uvinza, ikafika kwetu Kibondo kwa bei ya kuuma, naye aliizungushia jani kavu la mgomba, akaikaza kwa kamba, akaiweka chini ya kitanda upande wa kichwani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufa kwa mtoto wa jicho kabla sijaolewa, kwa hiyo kila jioni aliipapasa. Fundo likikaa vingine hata kidogo, wa kwanza kutajwa nilikuwa mimi. Jina langu hakuwahi kulitumia. Aliniita "huyu wa Heru", na Heru ni Kasulu kwa kinywa cha wazee. Kwake yeye kila kilichotoka Kasulu, kuanzia maharage mpaka wake za watu, kilitakiwa kichunguzwe kwanza.

Sikumpenda. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana mtakatifu. Nilimpigia goti kila asubuhi, nikamwambia "Mwakeye, mama", nikamchotea maji, nikampikia, lakini moyoni nilikuwa namsonya.

Wanawe walikuwa watatu. Mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, wa pili ndiye mume wangu, na mdogo alikuwa hajaoa bado. Hao walimpenda mama yao, tena sana. Mwenye kuchinja alimletea ini, mwenye kwenda mnadani alimletea kitenge, na hakuna aliyethubutu kupandisha sauti mbele yake.

Ukaja uchaguzi wa mwaka sabini. Wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja kapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Walikuja pamoja kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, wakasimama jukwaa moja, wakasema maneno yanayofanana hata watu wakaanza kuwatazama viatu. Sote tulijua kwamba maneno yenyewe yatasemwa baadaye, kwenye pombe ya ndizi, kwa sauti ya chini. Basi wiki zile kila nyumba iliitilia shaka nyumba ya jirani. Ukipewa kipande cha nyama unajiuliza kimetoka kwa jembe au kwa nyumba. Ukisalimiwa mara mbili na mtu ambaye kwa kawaida hakusalimii hata mara moja, unarudi nyumbani na mawazo.

Kipofu aliruhusiwa kuingia kupiga kura na mtu wa kumsaidia. Jioni moja wale wana watatu wakakaa uani kuzungumzia nani atampeleka mama. Mkubwa akasema yeye ndiye mkubwa na tena ni balozi, taratibu anazijua. Mume wangu akasema yeye ndiye anayeishi naye. Mdogo akasema yeye ana nguvu, mama akichoka atambeba mgongoni. Mama mkwe aliwaacha wamalize. Alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa, wala kisu hakikusimama.

"Atanipeleka huyu wa Heru," akasema.

Nilikuwa nachochea moto, nikadhani sikusikia vizuri. Mume wangu alinigeukia na jicho la mtu aliyekuta kuku wake kwenye kapu la jirani. Shemeji mkubwa akacheka, akasema, "Mama, huyo si hata wa huku." Mama mkwe akamjibu kwamba ndiyo maana.

Usiku sikulala vizuri. Kwa nini mimi? Nilijua kuna mtego, ila sikujua umetegwa wapi. Nilifikiri labda anataka nikosee mbele za watu, apate neno la kuninyooshea kidole mpaka kufa kwake.

Asubuhi tulishika njia ya shuleni, ambako ndiko kituo kilikuwa. Alinishika juu ya kiwiko, kwa vidole vikavu, akawa anatembea hatua moja nyuma yangu. Tulipofika penye mteremko, pasipo na watu, akanisimamisha.

"Unajiuliza kwa nini nimekuchukua wewe."

"Ndiyo, mama."

"Uchaguzi uliopita alinipeleka mkubwa. Nikamwambia ninayemtaka. Akasema sawa mama, akaandika. Jioni yake anakuja mtu na kibuyu cha pombe, anapiga makofi, ananishukuru kwa kura. Kumbe ni mtu wa yule niliyemkataa! Nikamuuliza mwanangu. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, mama."

"Kwamba alinifanyia wema. Kwamba yule wangu hafai, huyu ndiye atakayetuletea barabara. Mama yake mzazi, akanifanyia wema." Alitema mate pembeni ya njia. "Wanangu wananipenda. Yeyote kati yao atanichagulia kilicho kizuri. Wewe hunipendi. Utaandika nilichosema."

Nikane kwamba simpendi? Angejua ni uongo kwa kushika kiwiko changu tu. Nilisikia aibu, na nyuma ya aibu hasira, kwa sababu mtu anayekuchukia hastahili kukujua kiasi hicho. Akanisukuma kidogo begani, tukaendelea.

Pale kituoni msimamizi alikuwa mwalimu mmoja kutoka pwani, kofia nyeupe, maneno ya taratibu. Aliinuka kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Karibu. Mimi nitakusaidia mwenyewe, ndiyo kazi yangu."

"Marahaba. Mshahara wako unatoka wapi?"

"Serikalini, bibi."

"Basi kaa, baba."

Watu kwenye foleni wakacheka, na mwalimu naye akacheka, akakaa. Lakini mama mkwe hakuwa anatania. Alimuuliza ile karatasi ya ubunge imepangwaje, alama ipi iko wapi. Akajibiwa. Akamwita mgambo wa mlangoni, akamuuliza swali lile lile. Kisha akamuuliza mwanamke aliyekuwa anatoka. Mimi hakuniuliza. Alipoona majibu yamelingana ndipo akaniambia, "Twende."

Ndani, nyuma ya turubai, aliniwekea mdomo sikioni. Kwanza karatasi ya rais, ile yenye picha yake ya kumkubali na kivuli kando yake cha kumkataa, kisha ya mbunge. Pumzi yake ilinuka tumbaku. Akasema anachotaka mara moja tu, akaongeza, "Bonyeza sana."

Nikabonyeza hata nikaogopa karatasi itatoboka. Akainyakua, akaigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake polepole, kule ambako alama ya kalamu ilikuwa imejitokeza. Akapima kwa viganja kutoka ukingo wa juu, akapima kutoka chini. Nilisimama nikitoka jasho kama mtuhumiwa, na kosa sikuwa nalo. Mwisho akaikunja mwenyewe, akanitaka nimwongoze mkono hadi kwenye tundu la sanduku.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Hakuniambia asante.

Nyumbani tuliwakuta wote watatu uani, na hakuna aliyekwenda shamba. Shemeji mkubwa aliniletea kigoda mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile. Nikasema nimechoka, nikaingia jikoni. Usiku mume wangu alianza kwa upole, akaja kwa mzaha, akamaliza kwa kunigeuzia mgongo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaja na uso wa ushindi.

"Mama ameniambia mwenyewe," akasema. "Amenitajia. Nataka tu uniambie kama ni kweli." Akanitajia alama.

Nilikuwa napepeta mtama. Sikuinua uso, maana uso wangu haujui kuficha. "Kama amekwambia, unaniuliza nini? Nenda kamuulize yeye."

Alikasirika. Alinishutumu kwamba nina siri na mama yake dhidi yake, kwamba nyumba ya namna hiyo haiwezi kusimama. Mwezi mzima alikula bila kusema ugali umeiva au haujaiva. Baadaye nikasikia kwa shemeji mdogo kwamba mama alikuwa amewaita wanawe mmoja mmoja na kila mmoja akamtajia lake: mmoja jembe, mwingine nyumba, wa tatu kwamba karatasi aliiharibu kusudi. Hapo ndipo nilipouona mtego. Alikuwa ametupa maneno tofauti kwa watu watatu, akakaa kusikiliza lipi litamrudia limethibitishwa. Hakuna lililorudi. Mume wangu ameniuliza mara nyingi tangu wakati ule, ameniuliza hata baada ya kumzika mama yake, na mpaka leo hajapata jibu. Nawe unayesoma usisubiri.

Miaka michache baadaye ikatufikia amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Uvumi ulitangulia kuliko malori: kwamba tutakula chungu kimoja, kwamba ng'ombe watachukuliwa, kwamba watakaochelewa watakuta nyumba zimechomwa. Hatukujua tuamini lipi, tukaamini yote. Siku ya kuondoka mgambo walikuwa wamepanda juu ya nyumba wakishusha nyasi za paa, na mama mkwe kakaa ndani, chini ya mwanga asiouona, chumvi mapajani. Wanawe walimbembeleza. Nikaingia, nikampa kiwiko, nikasema, "Mama, twende." Akashika.

Huko kijijini tulipewa kiwanja na miti minne ya kujengea. Mvua ilinyesha kabla hatujaezeka. Tulijifunika kitenge kimoja, mimi na yeye na watoto katikati, na alivyokuwa anatetemeka nilijikuta namwomba Mungu asimchukue. Nilishangaa mwenyewe. Kulipokucha nikakuta jani la chumvi limelowa na fundo limelegea. Akanikabidhi.

"Ifunge."

"Fundo lako silijui, mama."

"Funga lako."

Tangu siku ile chumvi ikakaa kwangu jikoni, wazi, wala hakuipapasa tena. Nikawa nampikia laini, namkata kucha, namsimulia nani kapita njiani na kavaa nini. Akaacha kuniita wa Heru. Aliniita mkamwana, na mara moja moja, akijisahau, mwanangu.

Ukaja uchaguzi wa sabini na tano. Wagombea wapya, jukwaa moja, jembe na nyumba vile vile, nasi tuliohamishwa tukiwatazama kwa jicho la pembeni. Mmoja alikuwa ameahidi mabati kwa wazee. Asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri, nikamwandalia mama fimbo, nikasimama mlangoni kumpa kiwiko. Hakukishika.

"Niitie yule mgeni," akasema, "mke wa mdogo wenu."

Yule msichana alikuwa na mwezi mmoja pale nyumbani. Alimwogopa mama mkwe kuliko nyoka, na nilijua pia, kwa jinsi alivyokuwa anasugua sufuria, kwamba hampendi.

"Mama, nimekosa nini?" Machozi yalikuwa yananilenga, na sikujali nani anasikia. "Niliwahi kusema neno? Miaka yote hii, niliwahi?"

"Hujakosa." Akanitafuta uso kwa mkono, akanigusa shavu. "Siku hizi unanipenda. Chumvi nimekuachia. Kura sikuachii."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, na maneno nilikuwa nayo. Ila nilipofungua mdomo nikakumbuka nilichokuwa nakiwaza tangu alfajiri, wakati nafagia maji yaliyovuja juu ya kitanda chake. Nilikuwa nawaza mabati. Nilikuwa nimekwisha kuamua ni nani atakayemfaa, na kwamba yeye akitaja mwingine, basi hajui, mzee wa watu, na mimi nitajua la kufanya.

Nikaenda nyuma ya nyumba kumwita yule msichana. Alikuja anafuta mikono kwenye khanga, macho yamemtoka, anauliza ameitiwa nini. Nikamshika, nikauweka mkono wa mama mkwe juu ya kiwiko chake.

"Ukiandika, bonyeza sana," nikamwambia. "Ataipapasa."