Majibu ya Mzee Xavery Apewe Mtani

Mzee Xavery, fundi baiskeli wa Ipuli, alijua anaumwa vibaya siku mke wake alipoacha kumgombeza.

"Consolatha kanipikia uji bila kunisema," aliniambia. "Nikajua hapa nakufa."

Uji wenyewe ulikuwa unamkwama. Hospitali wakamwingiza mpira wenye kamera, wakakata kinyama kidogo, wakakuta saratani kwenye umio, ile njia ya chakula. Kinyama kikaenda maabara kupimwa protini. Nyie mnaodhani protini ni maharage na mayai tu, sikilizeni: seli za uvimbe nazo zina protini zake, na baadhi zikiwa nyingi, daktari anapata fununu kama ugonjwa utakwenda polepole au mbio. Fununu, siyo ramli.

Sasa nani amwambie? Ndugu walishapanga kumficha. Tunapenda sana kumficha mtu ugonjwa wake, utadhani ni wa jirani. Mzee akawawahi: "Majibu apewe Shomari."

Shomari ni fundi cherehani, Mzaramo, mtani wake wa miaka ishirini. Tangu mzee augue, kila asubuhi anakuja kumpima urefu kwa futi, "sanda isije ikapelea." Ndugu wananuna, mzee anacheka mpaka anakohoa. Mtani haruhusiwi kukuonea huruma, kwa hiyo hana sababu ya kukudanganya.

Jumanne wakaenda. Mzee akasaini kwamba mtani aambiwe, akabaki kwenye benchi nje. Shomari akaingia kwa Daktari Mwanne. Alipotoka, akakaa karibu na mzee, akamshika mkono.

"Pole sana, kaka yangu."

Mzee akaruka. "Kaka yako nani? We Mzaramo, tangu lini una adabu?"

"Mungu ni mwema, tutaomba..."

"Nitukane! Nitukane sasa hivi, la sivyo narudi nyumbani na tiba sitaki!"

Daktari Mwanne, aliyekuwa mlangoni, akabaki mdomo wazi. Shomari akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Haya, Mnyamwezi mkaidi. Protini zimejaa. Uvimbe wako una mbio kuliko baiskeli zote ulizowahi kutengeneza, maana zako hata kwenye mteremko zinasimama."

"Endelea."

"Bado haujasambaa. Ukianza tiba Mwanza wiki hii, nafasi ipo. Ukingoja ndugu zako wamalize vikao, itapungua. Daktari haahidi, anakadiria. Mimi hasara yangu nini? Vipimo ninavyo."

Mzee akamkazia macho. "Mbona ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nafikiria nani atanifungia mnyororo bure."

Mzee akainuka, akamgeukia daktari mwenyewe. "Niandikie, mama. Alhamisi naondoka."

Alhamisi ndugu wakamfuata mpaka stesheni, wanataka kikao kwanza. Akawaambia wakakifanyie Bukene, stesheni ya njiani, treni ikisimama wapande watoe maazimio. Halafu akamwonyesha Shomari begi.

"Beba. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwenu pwani, hakuna hata mmoja wenu aliyewapokea mzigo."

Shomari akalitwika kichwani, shingo ikazama. "Umeweka mawe humu?"

"Asali. Mwanza kuna wauguzi, na mimi sijazeeka hivyo."

"Na Consolatha?"

"Consolatha yuko nyuma yako," mzee akasema, akapanda treni haraka kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima.