Gari Lililotaka Kunusa Midomo

Mume wangu alirudi kutoka Mbarara jioni moja, akavua viatu mlangoni, akakaa bila hata kuomba maji. Kwa mtu ambaye kila safari huanza kusimulia kabla hajaingia ndani, ukimya ule ulinitosha kujua kuna jambo. Nikamwekea chakula nikasubiri.

"Afande anataka kuweka kitu mu motokari," akasema mwishowe. "Unapuliza mule ndani. Kikisikia harufu ya pombe, motokari inakataa kuwaka."

"Sasa weye inakuhusu nini? Haunywake pombe."

"Njo maana naumia. Mutu hanywake, na bado banataka bamunuse kinywa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikamalizia kicheko changu jikoni.

Tulikuwa tunaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, wakati ule, miaka michache kabla ya 2015, tukiwa na mtoto mmoja tu. Wote wawili tulitokea Kivu ya Kusini, lakini tulikutana hapo makazini, katika kwaya ya kanisa letu la Kiprotestanti. Yeye aliimba besi. Sauti yake ilikuwa nene kiasi kwamba akikohoa kanisani watu wa viti vya nyuma walidhani wimbo umeanza. Pombe hakuigusa tangu ujana wake, na alijivunia jambo hilo kupita kidogo inavyompasa Mkristo.

Afande alikuwa sajini mstaafu, Mganda, mwenye nyumba Mbarara karibu na kambi ya jeshi. Alikuwa na gari, Toyota Corona nyeupe iliyokwisha kuzeeka, na mume wangu ndiye aliyeiendesha kati ya Base Camp, kitovu cha makazi yetu, na Mbarara. Kwenda alibeba watu na magunia ya maharage, kurudi alibeba sabuni, sukari na vitenge vyangu vya biashara. Dereva aliyemtangulia alikuwa mlevi. Mchana mmoja aliliingiza gari kwenye kibanda cha mkaa pale Kakoba, mtaa wa Mbarara, akashuka, akamwomba mwenye kibanda ampishe. Afande akaapa kwamba gari lake halitaendeshwa tena na mtu asiyejulikana amekunywa nini.

Kifaa chenyewe kililetwa na mdogo wake afande, aliyekuwa akiishi Ulaya na kuja likizo. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye nyaya, na humo ulitokeza mkono mdogo kama wa simu ya mezani, wenye kidomo cha plastiki cha kupulizia. Huyo mdogo mtu alikijua kifaa kile ndani na nje: unapuliza kwa muda gani, kinakasirika lini, kinasamehe baada ya dakika ngapi. Hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi, ingawa mke wa afande alimtazama sana alipokuwa akieleza.

Fundi alipatikana Kakoba, jirani na kile kibanda cha mkaa. Alikizungushazungusha kifaa mikononi, akafungua boneti ya Corona, akachungulia, akaifunga tena.

"Afande," akasema, "hii kitu kazi yake ni kufunga staata. Na staata yako ilikufa zamani. Sasa itafunga nini?"

"Itafunga dereva," akajibu afande.

"Hapana. Dereva akisukumwa, gari inawaka tu, hata kama amelewa."

Ni kweli. Gari lile halikuwa na staata nzima ya kuliwasha wala ufunguo. Mume wangu aliunganisha nyaya mbili chini ya usukani, akaingiza gia, na watu wakasukuma. Kwa sababu hiyo aliliegesha mahali penye mteremko siku zote, na aliijua miteremko yote ya njia ile kama mchungaji anavyojua maji. Pale Base Camp palikuwa na wanaume waliokaa kwa fundi cherehani karibu na soko, ambao kazi yao ya kila asubuhi ilikuwa kumsukuma.

Kwa hiyo matayarisho yalianza na gari lenyewe. Fundi alitoa staata kwenye gari jingine lililokuwa limekufa uani kwake. Akatafuta betri, maana kifaa kile kinakula umeme hata gari likiwa limelala. Akatia swichi mpya yenye ufunguo. Ilichukua majuma, maana kila alipotengeneza kitu kimoja, kingine kilichokuwa kimejificha nyuma yake kilijitokeza kuomba nacho kitengenezwe. Mume wangu aliporudi Base Camp na gari linalowaka kwa ufunguo, wale wasukumaji hawakufurahi hata kidogo. Fundi cherehani alimfuata akamuuliza kwa upole kama wamemkosea.

Gari likawa tayari. Akabaki mume wangu.

Mdogo wa afande alikuwa amewaeleza kwamba kifaa hakikubali pumzi ya hivihivi. Unavuta hewa, unapuliza taratibu bila kukata, na katikati unaguna, ili mashine ijue aliyeko pale ni mtu, si puto wala pampu ya baiskeli. Mume wangu alilichukua jambo hilo kwa uzito wote. Alikata bua la jani la papai, akawa anafanya mazoezi nyuma ya nyumba kila asubuhi, akipuliza na kuguna. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kwaya, hakuweza kuguna tu. Aliguna besi ya nyimbo tulizokuwa tukijifunza. Jirani yetu, mama mmoja mfugaji, alikuja kuniuliza kama kuna ng'ombe wetu anayeumwa.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni mume wangu. Anajifunza kuwasha motokari."

Alitazama upande wa kule nyuma, akanitazama mimi, akasema atatuombea.

Fundi alitaka kwanza kukijaribu kifaa mezani, kimeunganishwa na betri, kabla hajakata waya wowote wa gari. Siku hiyo na mimi nilikuwa na safari ya kununua vitenge, tukaondoka pamoja asubuhi. Kiti cha mbele alikaa mzee mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anakwenda kutibiwa meno. Tulipofika Rwekubo, mji mdogo wa njiani, mume wangu akasimama, kama kawaida yake, kunywa bushera.

Bushera ni uji wa mtama wanaounywa sana Wanyankore, nasi tuliuzoea upesi. Ukiwa mpya hata mtoto anapewa. Ukilala unachachuka, na ukiendelea kulala unaanza kuuma ulimi. Mume wangu aliupenda ule unaouma, na mama muuzaji alimwekea chungu cha peke yake. Mimi nilikunywa chai. Mzee wa kanisa alisema atakunywa kidogo tu kwa ajili ya jino, akanywa kikombe, kisha akampa kile kikombe mama muuzaji bila kusema neno, naye akakijaza tena. Tulipotaka kuondoka, muuzaji akawatilia chupa moja ya kunywa njiani, na chupa ile ilikuwa tupu tulipoingia Mbarara.

Kwa fundi tulimkuta afande na mkewe wameshafika, wamewekewa viti. Kifaa kilikuwa juu ya meza kikiwaka taa ndogo. Mume wangu alinyoosha shati, akakishika kile kidomo kwa vidole viwili, akavuta hewa. Akapuliza na kuguna vizuri kabisa. Naamini ndiyo pumzi nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia mle. Taa ikawa nyekundu.

Fundi akasema, "Rudia." Akarudia. Nyekundu.

Hapo sikuona cha kuchekesha. Mume wangu alikirudisha kidomo mezani. Watu kama sisi, walioishi kwa kukubaliwa na wengine, jina likichafuka hakuna ndugu wa mjini wa kuwasemea. Nilifikiria kazi, nikafikiria kanisa, nikafikiria jinsi atakavyovua viatu mlangoni siku hiyo. Afande alisogeza kiti chake karibu na meza.

"Dereva," akasema, "wewe ulikunywa nini?"

"Afande, mimi sikunywe kitu. Bushera tu, pale Rwekubo. Hata mzee huyu iko anajua. Tulikunywa naye."

Macho yote yakamgeukia mzee wa kanisa. Alikuwa ameshika shavu lake.

"Mzee, ni kweli?" akauliza mke wa afande.

"Ni kweli, mama. Lakini yangu ilikuwa kidogo."

"Basi na wewe puliza."

Mzee alitaka kueleza habari za jino, lakini fundi alikuwa amekwisha kumfutia kidomo. Akapuliza. Nyekundu ile ilikuwa, kwa macho yangu, nyekundu kuliko ya mume wangu. Huyu ndiye mzee aliyetufundisha Jumapili mbili mfululizo juu ya kileo, na jinsi kinavyoanza kwa kikombe kimoja. Alikitazama kile kifaa kama mtu aliyesalitiwa na muumini mwenzake.

Wakaniambia na mimi nipulize. Nikapuliza, pumzi ya chai, bila besi yoyote. Taa ikawa kijani.

Fundi akampigia simu mdogo wa afande, wakaongea kwa muda. Alipokata alisema kwamba vitu vilivyochachuka vinabaki mdomoni, mashine inavisikia hata kama mtu hajalewa. Wasukutue kwa maji, wakae kidogo, warudie. Mume wangu akaenda bombani, akasukutua mpaka nikaogopa atamaliza maji ya Kakoba. Mzee naye akasukutua, kwa kuilinda heshima, upande usio na jino bovu tu. Tukakaa.

Mume wangu akapuliza tena. Kijani. Akafumba macho. Mzee akapuliza, taa ikafikiri kidogo, ikawa kijani nayo.

Afande alifurahi mno, akampiga mume wangu begani. "Mimi nilijua. Huyu ni mtu wa nidhamu. Kazi ni yako. Lete hiyo kitu, na mimi nijaribu."

Akapuliza kwa nguvu za kijeshi. Nyekundu.

"Mashine imeharibika," akasema.

"Sukutua," mkewe akamwambia.

Afande akaenda bombani, akasukutua, akakaa, akapuliza. Nyekundu. Akasukutua tena, akapuliza. Nyekundu ileile.

"Na wewe ulikunywa bushera ya wapi?" mkewe akamuuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Ile ya jana tu. Kidogo, na wenzangu wa zamani."

"Jana haikuisha?"

Fundi aligeukia meza yake akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Njiani kurudi, tulipita Rwekubo bila kusimama. Kisha mzee wa kanisa akageuka akaniambia, "Binti yangu, habari za leo ni za sisi wenyewe."

"Ndiyo, mzee," nikajibu. Nilitimiza ahadi. Lakini juma lililofuata ilitangazwa kanisani kwamba kwenye vikao vya wazee sasa kutakuwa na chai badala ya bushera, na mume wangu alipolisikia tangazo lile besi ilimgeuka kicheko, akashindwa kuanza wimbo.

Siku ya kufunga kifaa afande alitualika wote wawili. Fundi alikuwa ameshaunganisha nyaya, kidomo kinaning'inia pembeni ya usukani. Mume wangu alikuwa amekunywa maji matupu tangu alipoamka. Fundi akauliza nani aanze. Afande akakohoa, akasema si lazima kila mtu ajaribu.

"Mimi," akasema mkewe.

Alifungua mlango wa dereva, akaketi, akapanga gauni lake. Akapuliza. Kijani. Fundi akamwonyesha ufunguo, naye akauzungusha, na gari likawaka mara moja. Alikuwa mwanamke mwenye umri, amelea watoto wake kambini, amehamishwa kambi hadi kambi akiwa juu ya malori ya jeshi na vyombo vyake, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kushika usukani. Tulimsubiri ashuke. Hakushuka.

"Nyabo, toka sasa, dereva aingie," afande akamwambia mkewe kwa heshima.

"Nani katika nyumba yetu mashine imemkubali?"

Afande akaanza kufuta vumbi kwenye boneti.

"Basi," akasema mkewe, na akamgeukia mume wangu. "Dereva, ingia huku upande mwingine. Fundisha mimi."

Alimfundisha kwa miezi, jioni, kwenye uwanja wa mpira, afande akiwa kiti cha nyuma ameshika mlango. Mume wangu alikuja nyumbani amechoka kuliko siku za kubeba magunia, akisema mama yule hasikii neno breki, lakini nilimwona anafurahi. Hakuwahi kumsema kwa ubaya.

Kisha mume wangu akashikwa na malaria, akalala. Maharage ya watu yalikuwa yamefungwa Base Camp yakisubiri. Siku ya tatu nikiwa sokoni nikaona vumbi linakuja polepole sana, na mbele ya vumbi ng'ombe wa watu wamelipita gari na kuendelea na safari yao. Ilikuwa Corona. Mke wa afande alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, na afande pembeni yake amekaa wima kama yuko gwaride.

Wale wanaume wa kwa fundi cherehani walisimama wote, kwa mazoea. Gari likasimama katikati ya njia. Mama akashuka, akajifuta jasho, akanisalimia na kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia ana nafuu, anaweza kukaa.

"Akiweza kukaa, mwambie aje kidogo," akasema. "Ageuze gari. Kurudi nyuma bado hajafundisha mimi."