Daktari wa Simu Aenda Kambini

Mume wangu ni fundi simu, na mtaa mzima unamwita Daktari. Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja na nusu: meza, taa ya kuinamia, sinia la skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na droo ya simu ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Simu ikanyagwe na lori, yeye ataipapasa, ataipuliza, na itaita. Lakini mimi mkewe nikimwita mara tatu haitiki. Ndiyo mambo ya mganga hajigangi.

Kwa binti yetu ndiyo usiseme. Yeye na baba yake wanazungumza kwa ujumbe, na wote wako ndani ya nyumba moja! "Chakula tayari," anaandika huyu sebuleni. "Nakuja," anajibu yule chumbani, ukuta mmoja tu katikati. Na Jumatatu binti alikuwa anaondoka kwenda chuo cha uuguzi, mwendo wa siku mbili, ilhali hawa watu hawajakaa wakaongea hata robo saa. Iliniuma, sikufichi. Nilijua akiondoka hivyo, atarudi mgeni.

Nikatangaza: Ijumaa mpaka Jumapili tunalala kwenye hema, kule kambini kando ya bwawa. Simu zote zinabaki kabatini, ufunguo ninao mimi.

"Na mteja akinitafuta?" akauliza Daktari.

"Kwani atakufa?"

Akanikabidhi simu.

Ijumaa jioni tulikaa watatu mbele ya hema kama wagonjwa kwenye foleni ya kung'olewa meno. Kidole gumba cha Daktari kilikuwa kinasugua paja peke yake. Binti alikuwa anahesabu sisimizi. Nikajaribu kuchokoza: "Baba, hebu mwambie mwanao ulivyokuwa shuleni."

"Nilikuwa nasoma," akasema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi asubuhi mlinzi wa kambi akaja kutusalimia, akaanza kulalamika kwamba simu yake haishiki chaji tangu juzi. Nikakohoa, lakini maji yalishamwagika. Daktari aliingia hemani mbio, akatoka na bisibisi nne amezifungia kwenye soksi.

"Ulikataza simu," akaniambia bila haya. "Bisibisi hukutaja."

Jamani, mwanaume huyu! Na yule mlinzi mdomo wake hauna kifuniko. Ilipofika saa nne pana foleni mbele ya hema letu, familia nzima nzima zilizokuja kupumzika mbali na simu, kila mtu kashika simu mbovu. Nilichemka. Nikachukua mwiko, nimenuia kuwafukuza wote.

Hapo nikasikia sauti ya binti yangu. Jua lilikuwa linammulika fundi machoni, alikuwa amemwita binti amkingie kwa kanga na amshikie kibano. Vichwa vyao vimekaribiana, macho yote yako kwenye simu, hakuna wa kumtazama mwenzake.

"Baba, unajuaje pa kugusa?"

"Nagusa polepole mpaka nipate panapouma."

Binti akasema, "Mimi naogopa chuo. Naogopa nitamchoma mtu sindano vibaya."

Daktari hakuinua kichwa. "Simu ya kwanza niliyopewa niliiua kabisa. Ilikuwa ya jirani yetu. Nilijificha chini ya kitanda, akaja akakaa juu ya kitanda hichohicho kunisubiri."

Binti aliangua kicheko mpaka kibano kikamdondoka. Lini mara ya mwisho nilisikia kicheko kile? Wakaongea wee, simu baada ya simu, mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Nikaweka mwiko chini, nikageuka karani: "Anayefuata! Msisukumane, daktari ni mmoja!"

Kufika saa nane foleni ikaisha. Binti akajipangusa mikono. Daktari akaanza kurudisha bisibisi kwenye soksi. Wote wawili wakatazama chini, na nikauona ule ukimya wa nyumbani unajisogeza. Nikasema la, leo hapana.

Sasa niseme ukweli, maana mengine nimeshayasema. Simu yangu nilikuwa nimekuja nayo, nimeiviringisha ndani ya kanga. Mpya, haina hata miezi miwili, nzima kabisa. Nikazunguka nyuma ya hema, nikaitumbukiza kwenye beseni la vyombo, nikahesabu mpaka ishirini huku moyo unaniuma, nikarudi nayo inachuruzika.

"Yangu nayo imezima," nikasema.

"Mama! Si ulisema simu zote..."

Daktari akamnyamazisha kwa mkono. Akaipokea, akaigeuza, akainusa. Povu la sabuni lilikuwa bado linatoka kwenye tundu la chaji. Akaniangalia usoni, muda mrefu, na machozi yakamlengalenga.

"Huyu ana hali mbaya," akamwambia binti. "Hatutamaliza kabla ya kesho jioni. Kaa chini, mwanangu."