Alianguka Kihambani

Juzi nilirudi kwa mwenyekiti wa kitongoji mara ya tatu, kumweleza kwamba mtoto wa jirani anachapwa mkanda.

“Dada, mtoto mwenyewe anasema alianguka kihambani, huko kwenye migomba. Unataka nini tena?”

Nilichoka. Jibu hilo nililitoa mimi utotoni.

Alasiri moja ya utoto huo, uani kwetu kulinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Mama Anjela, jirani yetu, alimleta mwenyekiti wa wakati ule aone mgongo wa mdogo wangu. Wazazi wetu walishafariki. Nikadhani mbea yule anataka tutenganishwe.

“Shikamoo mzee, alianguka kihambani,” nilisema kabla hajauliza.

Baba mdogo, aliyetulea, alicheka. Wageni walipoondoka, alivua mkanda tena.

“Hata mimi nilisema mdogo wangu alianguka, kumbe ni mkanda,” nilimjibu mwenyekiti juzi, nikavuta kiti. “Andika maelezo yangu.”