Nilibatizwa Mtoni Nikiwa na Uongo Mdomoni

Jamani, mimi ni mnafiki. Nianze na hilo, msije mkanionea huruma bure.

Nalima mpunga hapa Mkula. Msimu mmoja maksai wangu wawili walikata kamba, wakaingia shamba la dada yangu, mjane, mpunga ukiwa karibu kukomaa. Mimi nilikuwa kilabuni. Asubuhi dada analia, watu wamejaa, nami, najua fika ni maksai wangu, bila haya nikanyoosha kidole: "Ni ng'ombe wa yule Msukuma!"

Yule mzee ni jirani yetu, mfugaji, tena muumini. Alikana. Nani amsikilize? Kanisa likamtenga asishiriki meza ya Bwana, na dada akamtukana mbele ya wanawe. Nikanyamaza!

Baadaye nami nikaokoka. Kabla ya ubatizo mchungaji aliniuliza, "Kuna mtu uliyemkosea, hujamwendea?"

Nikasema hakuna. Nilitubu pombe, nikatubu sigara, dhambi zile zinazopigiwa makofi. Hiyo nyingine nikamnong'oneza Mungu peke yake, nikajiona nimemaliza. Ptuu!

Nilipotoka mtoni natetemeka, aliyenifunika shuka lake kavu alikuwa mzee yule yule. "Hongera, mdogo wangu," akasema. Najichukia!

Mwezi uliofuata akahamia Masagati. Usingizi ukanipotea. Mwishowe nikapanda treni hadi Mlimba, nikaunganisha na bodaboda, nikamkuta anakamua. Nikampa shikamoo huku nimepiga magoti, nikamweleza.

"Marahaba. Inuka," akasema. "Nyayo za maksai wako niliziona asubuhi ile ile. Nilikuja mtoni nikijua siku hiyo utasema."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi nimekusamehe," akaendelea, "ila jina langu limechafuka kule Mkula. Kalisafishe huko huko."

Jumapili nikasimama kanisani, nikasema yote. Dada alitoka nje kabla sijamaliza, na salamu zangu haitikii hadi leo. Mzee wa watu hajarudi. Sijui kama atarudi.

Wewe unayejiandaa kubatizwa, nakusihi: usiingie majini na jirani yako shingoni. Mwendee kwanza, hata akutukane, hata akufukuze kama mbwa, ndipo urudi kwa mchungaji. Mimi siku ile nililowa tu.